Kukoma kwa hedhi: Dalili zake, tiba zilizopo na ishara zisizofaa kupuuzwa

KUNA joto linalomzukia mwanamke bila ya taarifa. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na kuenea usoni, na kwa muda wa dakika moja hadi tano hivi nguo humganda mwilini kwa jasho ilhali wenzake waliomo katika chumba kile kile wamevalia sweta. Likisha kupita, humwacha akihisi baridi na moyo ukimwenda mbio. Usiku humwamsha mara mbili tatu akiwa amelowa chepechepe.

Wanawake wengi wa humu nchini wanaopatwa na hali hii kwa mara ya kwanza, aghalabu wakiwa na umri wa miaka arubaini na kitu, hukimbilia zahanati kupimwa malaria. Matokeo yakionyesha kwamba hawana vimelea, baadhi yao hununua dawa za malaria hata hivyo. Wengine hushuku shinikizo la damu, wengine kisukari, na wapo wanaofikia kudhani kwamba wamerogwa. Ni wachache wanaowaza kwamba huenda hedhi zao zinaelekea ukingoni.

Kukoma kwa hedhi si ugonjwa. Ni hatua ya maumbile ambayo kila mwanamke aliyejaliwa umri huipitia, kama alivyopitia kubaleghe. Lakini kauli hiyo, ingawa ni ya kweli, imetumiwa mno kuwanyamazisha wanawake: kwa vile ni maumbile, huambiwa wavumilie. Ukweli ni kwamba dalili zinazoandamana na hatua hii zina tiba. Tena, baadhi ya mambo yanayodhaniwa kuwa sehemu yake ni maradhi ya hatari ambayo yangeweza kutibiwa endapo yangegunduliwa mapema. Kuyatenganisha mambo haya mawili ndiyo faida kubwa ya kuielewa hali yenyewe.

Maana na umri

Madaktari husema kwamba mwanamke amekoma hedhi anapokamilisha miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu ya mwezi, na pasiwepo sababu nyingine kama vile mimba, kunyonyesha au dawa za kupanga uzazi. Kwa hivyo, hedhi ya mwisho hujulikana kuwa ya mwisho baada ya mwaka mzima kupita. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake wengi hufikia hatua hii wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Wavutaji sigara huifikia mwaka mmoja au miwili kabla ya wenzao.

Chanzo cha haya yote ni akiba isiyoongezwa. Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai kati ya milioni moja na milioni mbili katika ovari zake. Kufikia wakati wa kubaleghe, huwa amesaliwa na kati ya 300,000 na 400,000. Katika maisha yake yote ya uzazi, ni mayai 400 au 500 hivi tu yanayopevuka na kuachiliwa. Mengine hufa yenyewe kimyakimya, mwezi baada ya mwezi. Akiba hiyo ikikaribia kwisha, ovari hupunguza utengenezaji wa homoni za estrojeni na projesteroni, mwanzo kwa kuyumbayumba, kisha moja kwa moja.

Estrojeni haifanyi kazi katika uzazi pekee. Ubongo, mifupa, mishipa ya damu, ngozi, uke na kibofu cha mkojo huitegemea kwa viwango mbalimbali. Ndiyo sababu dalili za kukoma kwa hedhi hutapakaa mwili mzima, na mwanamke asiyeelewa uhusiano wake huenda akatembelea madaktari wanne kwa malalamiko manne yenye chanzo kimoja.

Wanasayansi kwa muda mrefu wamejiuliza ni kwa nini binadamu akaumbwa hivi, kwa maana wanyama wengi wa kike huendelea kuzaa hadi karibu na kifo. Mojawapo ya majibu yanayonukuliwa sana lilitoka hapa Afrika Mashariki. Mtaalamu wa elimu ya binadamu kutoka Marekani, Kristen Hawkes, pamoja na wenzake, walichunguza maisha ya Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1990 walieleza kwamba akina nyanya wa jamii hiyo, ambao hawazai tena, huchimba mizizi kwa bidii na kuwalisha wajukuu, hasa pale mama anapokuwa na mtoto mchanga. Hoja yao ni kwamba mwanamke aliyeacha kuzaa huchangia kuendelea kwa ukoo wake kwa njia nyingine. Mnamo 2023, watafiti wengine walichapisha ushahidi kwamba sokwe wa kike wa eneo la Ngogo, katika Mbuga ya Kibale nchini Uganda, nao hukoma kuzaa na kuishi miaka mingi baadaye. Cha ajabu ni kwamba akina nyanya hao wa msituni hawajulikani kwa kulea wajukuu, kwa sababu mabinti wao huhamia makundi mengine. Mjadala ungalipo.

Miaka ya mpito

Hedhi haikomi kama taa inavyozimwa. Kwa kawaida, hutanguliwa na kipindi cha mpito kinachochukua miaka minne hivi, ingawa kwa wengine huwa miezi michache tu na kwa wengine hukaribia miaka kumi. Katika kipindi hiki mzunguko hubadilika: damu huja baada ya siku 20, kisha ikakawia siku 50, ikaja nyingi kupita kiasi mwezi huu na kidogo mwezi ujao.

Joto la ghafla ndilo dalili inayofahamika zaidi. Ndani ya ubongo imo sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kudhibiti joto la mwili. Zipo seli za neva katika sehemu hiyo ambazo hutulizwa na estrojeni. Homoni hiyo inapopungua, seli hizo huchachamaa, na mwili hupoteza subira. Ongezeko dogo la joto ambalo zamani lisingetambuliwa, kwa mfano kikombe cha chai, blanketi nzito au hasira ya ghafla, hupokewa kama hatari. Mishipa ya ngozi hufunguka, jasho likatiririka, mwili ukajipoza pasipo na haja ya kupozwa.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hali hii hudumu mwaka mmoja au miwili. Utafiti mmoja wa Marekani ulioanza mwaka wa 1996 na kuwafuatilia wanawake 3,302 wa makabila mbalimbali ulibatilisha dhana hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba kwa nusu ya waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara na joto na jasho la usiku, dalili hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka saba. Wamarekani weusi ndio walioteseka kwa muda mrefu zaidi, takriban miaka kumi. Haifai kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi Kisii au Kilifi, kwa kuwa mazingira na maisha ni tofauti. Hata hivyo, yanatosha kuwajibu wanaodai kwamba matatizo ya kukoma hedhi ni ya wazungu.

Dalili nyingine hazina sifa ya kujitangaza. Usingizi hukatika hata pasipo na jasho. Mwanamke aliyesifika kwa kumbukumbu huingia chumbani na kusahau alichofuata. Jambo hili huwatisha wengi, lakini kwa kawaida si mwanzo wa ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na aghalabu hutulia baada ya kipindi cha mpito kupita. Viungo huuma. Hasira huja upesi, machozi vilevile. Waliowahi kuugua mfadhaiko hapo awali, hasa baada ya kujifungua, wamo katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa nao na wanapaswa kutafuta msaada bila ya kungoja.

Yanayofanana nayo

Ikiwa ni kosa kudhani kwamba kila joto ni malaria, ni kosa kubwa zaidi kudhani kwamba kila jasho la mwanamke wa miaka 48 ni la kukoma hedhi. Jasho la usiku ni mojawapo ya dalili za kifua kikuu. Likiandamana na kikohozi kinachodumu, homa au kupungua kwa uzani, makohozi hayana budi kupimwa. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, nayo huleta joto, mapigo ya moyo ya haraka na wasiwasi. Uchovu mwingi waweza kuwa ni upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke ambaye hedhi zake zimekuwa nzito kwa sababu ya uvimbe wa fibroidi katika nyumba ya uzazi, tatizo linalowapata wanawake wenye asili ya Kiafrika kwa wingi.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana fumbo lao. Dawa zimewawezesha wengi wao kufikia miaka 50 na kuipita, jambo ambalo miongo miwili au mitatu iliyopita halikutarajiwa. Sasa mwanamke wa aina hiyo anapoanza kutokwa na jasho usiku, wazo la kwanza humjia kwamba dawa zimeshindwa. Kupimwa kiwango cha virusi humpa jibu, na akipewa dawa yoyote ya kutuliza dalili za kukoma hedhi, sharti amtajie daktari dawa anazotumia tayari.

Kisha kuna suala la kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu, ambayo hutumiwa na wanawake wengi nchini, huweza kukatiza hedhi kabisa, na kipandikizi cha mkononi nacho pengine hufanya hivyo. Mwanamke anayetumia njia hizi hawezi kuitegemea hedhi kumwambia kama amefika ukingoni. Kwa upande mwingine, wapo wanaoacha kinga mara tu hedhi zinapoanza kuruka miezi, na matokeo yake ni mimba ya miaka 46 ambayo haikutarajiwa na mtu, na ambayo ina hatari zaidi kwa mama. Ushauri unaotolewa na wataalamu wa uzazi ni kwamba mwanamke asiyetumia homoni ambaye hedhi yake ya mwisho alikuwa hajafika miaka 50 aendelee kujikinga kwa miaka miwili baada ya hedhi hiyo. Aliyevuka miaka 50, kwa mwaka mmoja.

Wapo pia ambao hedhi huwakoma mapema. Ikikoma kabla ya miaka 40, hilo si jambo la kuachwa kwa maumbile, bali ni hali ya kitabibu inayohitaji uchunguzi na, kwa kawaida, tiba ya homoni hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi utimie. Sababu yake ni kwamba mifupa na moyo wa mwanamke huyo vitakaa bila ya estrojeni kwa miaka mingi kuliko wenzake. Wanaoondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii kwa siku moja, na dalili zao huwa kali. Ni haki ya mwanamke kuuliza kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji: je, ni nyumba ya uzazi pekee inayotolewa, au na ovari pia? Ikitolewa nyumba ya uzazi na ovari zikabakia, hedhi hukoma lakini homoni huendelea kutengenezwa.

Damu inayorudi

Katika makala haya yote, msomaji akikumbuka jambo moja tu, na liwe hili. Mwanamke aliyekwisha kukamilisha mwaka mzima bila ya hedhi, kisha akaona damu, hata ikiwa ni tone moja, hata ikiwa ni mara moja tu, anapaswa kwenda hospitali. Hiyo si hedhi iliyorudi, wala si ujana uliorejea kama baadhi ya watu wanavyofanya mzaha.

Mara nyingi chanzo huwa ni kidogo, kama vile ngozi ya uke iliyokuwa nyembamba. Lakini takriban wanawake 9 katika kila 100 wanaopata damu ya namna hii hugunduliwa kuwa na saratani ya ukuta wa ndani wa nyumba ya uzazi. Ukitazama upande wa pili, takriban wanawake tisa katika kila kumi wenye saratani hiyo walitanguliwa na dalili hiyo ya damu. Ni nadra ugonjwa kutoa onyo la wazi kiasi hicho. Ukigunduliwa ungali ndani ya nyumba ya uzazi, upasuaji mara nyingi huumaliza.

Damu hiyo huweza pia kutokana na saratani ya mlango wa nyumba ya uzazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Chanjo dhidi ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa kwa wasichana humu nchini Oktoba 2019. Mama zao na nyanya zao hawakuipata. Hao hawana kinga nyingine isipokuwa kupimwa, na kukoma kwa hedhi hakumwondolei mwanamke haja ya kipimo hicho.

Homoni na hofu ya 2002

Kama tatizo ni upungufu wa estrojeni, jibu la wazi ni kuirudisha. Tembe zilizotengenezwa kwa mkojo wa farasi wenye mimba ziliidhinishwa Marekani mwaka wa 1942, na kufikia miaka ya 1960 zilikuwa zikiuzwa kama dawa ya kubakisha ujana. Mnamo 1975 ikagunduliwa kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake na mwanamke mwenye nyumba ya uzazi humzidishia hatari ya saratani ya nyumba hiyo. Tangu hapo, mwanamke wa aina hiyo huongezewa projesteroni au dawa inayofanana nayo ili kumlinda. Aliyeondolewa nyumba ya uzazi haihitaji.

Kishindo kikubwa kilikuja Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha kabla ya wakati sehemu yake iliyowahusisha wanawake 16,608, baada ya kubainika kwamba waliopewa homoni mbili kwa pamoja walikuwa wakipata saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu zaidi ya wenzao. Habari hizo zilienea duniani kote, mamilioni ya wanawake wakatupa tembe zao, na madaktari wengi waliofuzu baada ya hapo hawakufundishwa hata namna ya kuziandika.

Hesabu yenyewe ilisomwa na wachache. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia dawa hizo kwa mwaka mmoja, 38 walipata saratani ya matiti, ikilinganishwa na 30 miongoni mwa wasiotumia. Hilo ni ongezeko la wanawake wanane. Waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10. Isitoshe, wastani wa umri wa walioshiriki ulikuwa miaka 63. Wengi wao walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya mwongo mmoja kabla, hali wanaoitafuta tiba hii kwa kawaida wana miaka 50 hivi. Na katika sehemu ya pili ya utafiti, iliyowahusu wanawake wasio na nyumba ya uzazi waliopewa estrojeni pekee na iliyokatizwa mwaka wa 2004, saratani ya matiti haikuongezeka.

Msimamo wa vyama vikuu vya wataalamu leo ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya njema ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hedhi zake zimekoma kwa muda usiozidi miaka kumi, na ambaye dalili zinamsumbua, manufaa ya tiba ya homoni kwa kawaida hushinda madhara. Novemba 2025, mamlaka ya kudhibiti dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachukua hatua ya kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililobandikwa kwenye dawa hizi kwa zaidi ya miaka 20, ila onyo kuhusu saratani ya nyumba ya uzazi kwa wanaotumia estrojeni peke yake likabaki. Miaka hiyo yote, wanawake wengi waliteseka kwa hofu iliyozidi kipimo chake.

Hata hivyo, haifuati kwamba homoni ni za kila mtu. Hazifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au kuganda kwa damu katika mishipa, wala kwa mwenye ugonjwa mkali wa ini au anayetokwa na damu ambayo chanzo chake hakijajulikana. Dawa inayobandikwa kwenye ngozi au kupakwa kama jeli ina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko tembe. Kununua homoni dukani kwa kuelekezwa na jirani ni jambo la hatari, na hasa kwa mwanamke mwenye nyumba ya uzazi anayepewa estrojeni pekee na muuzaji asiyemwuliza lolote.

Kwa wasioweza au wasiotaka homoni, zipo njia nyingine. Baadhi ya dawa za mfadhaiko, kama vile venlafaksini na paroksetini, hupunguza joto la ghafla hata kwa mtu asiye na mfadhaiko, japo paroksetini haifai kwa anayetumia tamoksifeni kutibu saratani ya matiti. Gabapentini husaidia jasho la usiku. Mwaka wa 2023 iliidhinishwa Marekani dawa mpya iitwayo fezolinetanti, ambayo huzituliza zile seli za ubongo zilizochachamaa bila ya kutumia homoni. Anayeitumia hupimwa ini mara kwa mara. Tiba ya mazungumzo nayo imeonyesha manufaa, hasa kwa usingizi.

Kuhusu mitishamba na vidonge vinavyotangazwa redioni na mitandaoni kuwa husawazisha homoni, ushahidi ni haba. Soya ina viambato vinavyofanana kidogo na estrojeni na haidhuru ikiliwa kama chakula, ila nafuu yake ni ndogo na haina uhakika. Bidhaa isiyotaja vilivyomo ndani yake si ya kuaminiwa, hata ikiwa imeandikwa kwamba ni ya asili.

Nyumbani

Mambo madogo hayaondoi tatizo, lakini huufanya usiku upitike: leso ya pamba badala ya shuka za nailoni, dirisha lililofunguliwa ndani ya neti, nguo za tabaka mbili tatu zinazovulika upesi kazini. Pombe, pilipili na kahawa huwasha joto kwa baadhi ya wanawake na si kwa wengine. Kila mmoja ajichunguze. Kupunguza uzani uliozidi husaidia.

Mifupa inahitaji kufikiriwa mapema kwa sababu haitoi malalamiko hadi ivunjike. Katika miaka ya kwanza baada ya kukoma hedhi, mwanamke hupoteza uzito wa mifupa kwa kasi. Anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mala ina 300 hivi. Omena ni hazina isiyothaminiwa, kwa kuwa samaki hawa huliwa pamoja na mifupa yao. Sukuma wiki ina kalsiamu ambayo mwili huifyonza kwa urahisi kuliko ile ya spinachi. Kutembea kwa miguu, kulima na kupanda ngazi huipa mifupa sababu ya kujijenga. Kuogelea, pamoja na uzuri wake wote, hakufanyi hivyo kwa kiasi kile kile. Shinikizo la damu, sukari na mafuta katika damu yapimwe kila mwaka, kwa kuwa maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayowaua wanawake wengi zaidi duniani, na hatari yake hupanda baada ya hedhi kukoma.

Lililo gumu zaidi kutajwa ni ukavu wa uke. Joto la ghafla hupungua na miaka, ukavu hauondoki, huzidi. Tendo la ndoa huwa na maumivu, mke akalikwepa, mume akadhani amepata mwingine au yeye mwenyewe akatafuta mwingine. Ndoa za miaka 25 zimetikisika kwa jambo ambalo lina dawa. Vilainisho vya maji husaidia wakati wa tendo, lakini mafuta ya kujipaka hayafai kwa wanaotumia kondomu kwa sababu huharibu mpira. Krimu au tembe ndogo za estrojeni zinazotiwa ukeni hurejesha unyevu na kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa kuwa kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo mno, huweza kutumiwa na wengi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti ashauriane kwanza na daktari wake wa saratani.

Kenya imepiga hatua katika kuzungumzia mwanzo wa hedhi. Ushuru wa sodo uliondolewa mwaka wa 2004, na sheria ya 2017 ikaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Huduma za kujifungua katika hospitali za umma zilifanywa kuwa za bure Juni 2013. Mwisho wa hedhi haujapata mjadala wa kiasi hicho. Mwanamke huzoeleka katika kliniki za wajawazito na za kupanga uzazi, kisha akiacha kuzaa, hana tena siku yake ya kliniki, ingawa huenda amebakisha miaka 20 au zaidi ya kuishi.

Mpaka siku hiyo ipatikane, anayekwenda kumwona tabibu kwa shida hii anaweza kujisaidia kwa kuandika, kwa miezi miwili au mitatu, tarehe za damu na wingi wake, mara ngapi joto limemjia, usingizi ulivyokuwa na dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji. Aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida kwa kawaida hahitaji vipimo vya homoni ambavyo maabara za kibinafsi hutoza maelfu ya shilingi, kwa sababu katika kipindi cha mpito viwango hivyo hupanda na kushuka kutoka wiki moja hadi nyingine. Daftari lake litamweleza tabibu mengi zaidi.